Tezo ya Jumamosi

Kwa miaka saba, kila Jumamosi asubuhi, sisi wa mtaa wa Mbotela, Nairobi, tuliamshwa na tezo ya mtu aliyekufa. Hatukujua kwamba amekufa. Tulisikia ko, ko, ko nyuma ya mabati, tukasema Mzee Nzivo amerudi kutoka Wamunyu, anachonga, kisha tukavuta blanketi kichwani. Mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote, maana kati ya nyumba yangu na yao kuna ukuta wa tofali moja tu. "Huyu mzee hata Mungu hamwigi," nilisema pale mferejini mbele ya watu. "Mungu mwenyewe alipumzika siku moja." Naona haya nikikumbuka. Mimi Triza, Mama Vivian, ninayejua nani mtaani amenunua nyama na nani amenunua mifupa akasema ni nyama, nilidanganywa na kipande cha chuma miaka saba.

Aliyekuwa anapiga ile tezo ni Koki, binti yake. Habari zake zimesimuliwa sana, na zimesimuliwa vibaya, kwa hiyo acha nizieleze mimi niliyezikalia jirani.

Mzee Nzivo alikuwa fundi wa kuchonga twiga. Aliwachonga kwa mti wa muhugu, akawauzia wafanyabiashara wa mjini, nao wakawauzia watalii. Hakuwa mtu wa maneno. Asubuhi salamu, jioni salamu, basi. Kila baada ya miezi michache alikwenda kwao Wamunyu, huko Ukambani, kutafuta miti, akakaa majuma matatu. Mwezi wa Aprili mwaka 1992 alikwenda, kifua kikamshika, akafa huko huko. Mkewe Nthenya na Koki, mtoto wao wa pekee, walisafiri wakamzika, wakarudi Mbotela na mfuko mmoja na macho makavu. Nilimkuta Nthenya mferejini. Nikamuuliza, "Mama Koki, mzee ako?" Akajibu, "Ameenda Wamunyu." Nikajaza ndoo yangu nikaenda zangu.

Sababu ilikuwa nyumba. Nyumba zetu ni za jiji, sisi ni wapangaji tu, na kadi ya ile yao iliandikwa jina la Nzivo. Mtaani sote tuliamini kwamba mwenye kadi akifa, mjane anatolewa, na mwezi unaofuata mgeni anakuja na ufunguo. Nani alituambia? Hakuna. Tuliyasikia mferejini, na ya mferejini hayaulizwi shahidi. Nthenya naye hakutaka kurudi Wamunyu kuishi chini ya mashemeji. Kwa hiyo ikakatwa shauri kwamba Nzivo hajafa. Koki angeweka sahihi ya babake kwenye karatasi za ofisi, na kila Jumamosi angekaa nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa mabati, apige gogo ili mtaa usikie kwamba mzee yupo. Mtu akisikika, nani atamtafuta?

Kwa Wakamba wa kazi ile, mwanamke husugua kwa msasa na kupaka rangi ya viatu mpaka twiga ang'ae. Tezo haishiki. Koki hakuwahi kufundishwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita alipokaa mara ya kwanza kwenye kigoda cha babake, akapiga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Baadaye mkono ulizoea, akawa anapiga kwa mwendo ule ule wa mzee: tatu za haraka, anapumzika, mbili nzito. Hakuchonga chochote. Gogo liligeuka vibanzi, vibanzi vikaingia jikoni chini ya sufuria, likaletwa gogo jingine. Miaka saba ya kupiga, na hakuna twiga hata mmoja.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, na aliyeitembea ni Koki. Harusi za Jumamosi hakuhudhuria. Safari za kwaya hakwenda. Alipata kazi nzuri Machakos, ya kuandika barua katika ofisi ya ushirika, akaikataa, maana nani angebaki kupiga? Tena alikuwa na mchumba, Maingi, dereva wa lori, mtu mpole wa huko huko karibu na Wamunyu, aliyekuwapo siku ya kuzika na akafunga mdomo wake. Maingi alitaka kupeleka mbuzi wa ntheo, wale wanaopelekwa kwao msichana ili ijulikane ana mwenyewe. Nthenya alisema ngoja. Mwaka wa kwanza ngoja, wa pili ngoja. "Ukiolewa," alimwambia Koki, "Jumamosi nitafanya nini?" Koki alidhani ni habari ya nyumba.

Haya yote niliyajua baadaye, na niliyajua kwa sababu ya mchezo.

Mimi nilikuwa taipisti katika duka la Abdiqadir, kando ya Jogoo Road. Tulipiga barua, risala za harusi na vijitabu vya ibada za mazishi. Mwaka 1999 Abdiqadir alileta kompyuta mbili zenye intaneti, akaandika mlangoni SAIBA kwa rangi nyekundu, na Koki, ambaye nilimtafutia nafasi hiyo mimi mwenyewe, akawekwa kuzihudumia. Waya wa simu ulikuwa mmoja. Ukiunganisha, kile kidude kilipiga mluzi na kukwaruza mpaka meno yakaniuma. Wateja walikuja asubuhi na mchana kusoma barua za jamaa walioko ng'ambo. Kuanzia saa tisa hapakuwa na mtu, na Abdiqadir, anayeamini kwamba mashine isiyotumika huota kutu, alimwachia Koki saa moja yake mwenyewe.

Ndipo alipoupata ule mchezo. Ulikuwa ukurasa mweupe wenye maandishi tu. Humo walikusanyika watu wa pande zote za dunia, kila mmoja na jina la kubuni. Mmoja anaficha mtu kichwani: msanii, au mwanamuziki, au mwanasayansi. Wengine wanauliza maswali ishirini, naye anajibu kwa herufi moja tu, Y kwa ndiyo, N kwa hapana. Wakimjua wanamtaja. Wasipomjua mpaka swali la ishirini, umeshinda, nawe unamtaja mwenyewe. Msimamizi alijiita Kunguru, mzee wa nchi fulani ambako, alisema, wakati wa baridi jua halichomozi kabisa. Koki alijiita Tezo. Nikamcheka.

"Si ungejiita Malkia?"

"Malkia hafanyi kazi, Mama Vivian."

Alikuwa hodari. Alisoma mpaka kidato cha nne tu, lakini dukani kulikuwa na juzuu za ensaiklopidia ambazo Abdiqadir alizinunua kwa mwalimu aliyekuwa akihama, kuanzia A mpaka M. Zilizobaki zilipotea. Koki alizisoma zote. Kwa hiyo Beethoven alimjua mpaka ugonjwa wake wa masikio, Darwin alimjua, Galileo alimjua, lakini Newton hakumjua hata kidogo. Mtu mwenye jina la P au S alimshinda mapema. "Huyo hayuko kwenye vitabu vyangu," alisema kwa hasira, utadhani ni kosa la yule mtu kuzaliwa na jina hilo. Nilicheka mpaka nikaharibu risala ya bibi harusi.

Ila alikuwa na swali lake moja ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza. Wenzake waliuliza kama ni mwanamume, kama ni wa Ulaya, kama aliishi kabla ya mwaka huu au ule. Koki aliuliza, "Kazi yake ni ya kupunguza?" Mara ya kwanza Kunguru aliandika kwamba haelewi. Koki akaeleza, kidole kimoja kimoja kwenye kibodi, kwamba kuna watu wa kuongeza, wachoraji na wapiga muziki, waliokuta patupu wakaweka kitu. Na kuna watu wa kupunguza, waliokuta gogo au jiwe wakaondoa kisichotakiwa. Mtu mmoja akamuuliza, na wanasayansi je? Koki akafikiri. "Wa kupunguza," akaandika. "Wanaondoa uongo mmoja mmoja." Kunguru akaandika kwamba tangu leo swali la Tezo ni swali halali. Siku hiyo Koki alitembea kwenda nyumbani akiimba. Tangu ahamie kwetu mtaani akiwa msichana wa shule sikuwa nimemsikia akiimba peke yake.

"Unapenda nini kwenye hako kamchezo, Profesa?" Abdiqadir alimuuliza siku moja, maana jina hilo lilikwisha kumshika. Koki akasema bila kugeuka, "Humu mtu akifichwa, anafichwa kwa maswali ishirini tu. Halafu anatolewa." Abdiqadir akacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi.

Mwezi wa Oktoba, siku moja, zamu ya kuficha ilikuwa yake. Nilivuta kiti nikakaa nyuma yake, kwa vile sikuwa na kazi na kuchungulia ni haki yangu. Kunguru akaanza na swali la kwanza, ambalo siku zote lilikuwa lile lile: yuko hai?

Nilitazama mikono ya Koki. Ilikuwa juu ya kibodi, haishuki. Nikadhani amemsahau mtu aliyemficha. "Jibu basi," nikamwambia, "dakika zinaenda." Akabonyeza N. Halafu akafunika mdomo kwa viganja vyote viwili, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola.

Wakaendelea kuuliza. Ni mwanamume? Y. Mwanamuziki? N. Mwanasayansi? N. Kazi yake ni ya kupunguza? Hilo aliliuliza Kunguru mwenyewe, kwa heshima. Y. Ni wa Ulaya? N. Kazi zake ziko Ulaya? Koki akafikiri, akabonyeza Y. Zimeandikwa jina lake? N. Aliishi karne hii? Y. Yumo katika vitabu? N. Hapo wakaanza kunung'unika kwamba si haki. Wakamtaja huyu na yule, swali la ishirini likapita. Kunguru akaandika: tumeshindwa, ni nani? Koki akafuta macho kwa mkono wa sweta, akaandika: Nzivo, mchongaji wa twiga, Mbotela, Nairobi, amefariki 1992.

Nilisoma. Nikasoma tena.

"Koki," nikasema, "Jumamosi si nimemsikia?"

"Ulinisikia mimi."

Alinieleza yote pale pale, mpaka Abdiqadir akaja kufunga. Kwanza nilikasirika, nakiri. Kila Krismasi nilimpelekea mzee chapati nne kwenye sahani ya maua, nikaambiwa anashukuru sana. Nani alikula chapati zangu? Kisha nikaviangalia viganja vyake, sugu zilivyojipanga chini ya vidole, nikazisahau chapati. "Mama Vivian," akasema, "ni mara ya kwanza mtu aniulize nijibu ukweli. Na ni mtu ambaye hata sura yake siijui." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliishi kando ya ule wa Koki miaka saba, na nilichokiona ni kelele za kunikatiza usingizi.

Mwanzoni mwa Novemba tangazo likabandikwa. Kila mwenye nyumba afike ofisi ya mtaa yeye mwenyewe, na kitambulisho chake, apewe kadi mpya kabla ya tarehe thelathini. Juma hilo hilo Maingi akaarifiwa kwamba anahamishiwa Voi. Alikuja dukani kumwambia Koki, kofia mkononi, hakupandisha sauti.

"Nimengoja miaka minne," akasema. "Mtu aliyezikwa nikiwa pale siwezi kuendelea kumwogopa. Jumamosi saa nne lori litasimama pale barabarani. Ukija, tutapitia Wamunyu na mbuzi, baba zako wadogo watapokea. Usipokuja sitauliza tena."

"Na mwaitu?" Koki akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita mamake, kwa Kikamba. "Wakimtoa kwenye nyumba?"

Maingi alivaa kofia akatoka.

Koki akaamua ukweli usemwe, litakalokuwa na liwe. Nilimpigia barua safi isiyo na kosa hata moja, kwamba mzee alifariki tarehe fulani, na kwamba binti yake anaomba mjane asitolewe. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Alhamisi tukaenda ofisini watatu, yeye, mamake, na mimi kama shahidi. Hakuna aliyeniita shahidi, nilijipeleka.

Karani pale ni Luseno, mtu wa kwetu magharibi, mstaarabu, mwenye kalamu mbili mfukoni na faili zilizopangwa vizuri kuliko kabati langu la vyombo. Foleni ilitufikisha kwake saa sita. Akafungua faili.

"Nzivo. Mzee ako?"

Koki akaingiza mkono kwenye mkoba. Niliona midomo yake ikijiandaa kwa lile neno moja. Nthenya akamtangulia, upesi, kwa ile sauti yake tamu ya mferejini: "Ako. Ameenda Wamunyu."

"Basi arudi, mama. Hii ni lazima aje mwenyewe." Luseno akaandika kitu pembeni ya karatasi. Kisha akamwangalia Nthenya vizuri, akatabasamu. "Si ni wewe ulikuja hapa ule mwaka wa uchaguzi, tisini na mbili, ukaniuliza habari ya jirani yako aliyefiwa na bwana? Nikakwambia alete barua ya chifu na kibali cha mazishi tu, nyumba iandikwe jina lake siku hiyo hiyo. Yule jirani alisaidika?"

Nthenya akatazama dirisha.

"Alisaidika," akasema.

Mkono wa Koki ulitoka mtupu kwenye mkoba.

Tulirudi tukiwa tumeongozana bila neno, mimi katikati, na niamini, kunyamaza si kazi yangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tulipofika mferejini Koki akasimama.

"Mwaitu, ulijua."

"Nilijua."

"Hawangetutoa kwenye nyumba."

"Hawangetutoa."

"Miaka saba. Machakos. Maingi. Mikono yangu hii." Akainyoosha mbele ya uso wa mamake.

Nthenya ni mwanamke mfupi, na siku hiyo alionekana mfupi zaidi. "Ile siku nilitoka kwa Luseno nikiwa nimeamua kukwambia," akasema. "Ilikuwa Ijumaa. Nikasema nitalala, nikwambie asubuhi. Asubuhi nikaamka nikakusikia nyuma. Tatu za haraka, halafu mbili. Nikakaa kitandani nikasikiliza. Babako alikuwa pale nyuma, Koki. Alikuwa pale kabisa. Nikasema nitakwambia juma lijalo." Akafuta pua kwa leso. "Juma lijalo nikasikiliza tena. Luseno akishaandika kwamba amekufa, atakuwa amekufa hata Jumamosi."

"Na mimi?" Koki akasema. "Umenizika mimi ili yeye awe hai."

Akaingia ndani, nikasikia kupitia ule ukuta wa tofali moja akishusha begi kutoka juu ya kabati.

Jumamosi saa tatu na nusu nilikuwa mferejini nikifua. Mtaa ulikuwa umenyamaza tangu alfajiri, na watu walikwisha kutambua. "Leo mzee ni mgonjwa?" akauliza Nerima wa nyumba ya nne. Koki alitoka na begi moja. Akanishika mkono wangu ukiwa na sabuni. "Nimemwachia chai kwenye thamosi," akasema. "Nimemuaga, akageukia ukuta." Nikamwambia nenda. Nilimwambia kwa moyo wangu wote: nenda, mwanangu, nitamwangalia mimi. Huko Jogoo Road honi ya lori ikalia.

Alikuwa amefika kwenye kona ya kibanda cha makaa tuliposikia. Ko. Kisha kimya kirefu. Ko, ko. Kimya. Ko.

"Aa, mzee amepona," akasema Nerima.

Lakini mimi nilikwisha kuijua mikono. Hii haikuwa ya Nzivo wala ya Koki. Koki alikuwa amesimama, mgongo kwetu. Nilimwombea kwa Mungu asigeuke. Honi ikalia mara ya pili. Akaliweka begi chini pale pale kwenye vumbi la makaa, akarudi pole pole, akanipita bila kunitazama. Nikamfuata na mapovu mikononi, maana umbea wangu hauna breki.

Nthenya alikuwa kwenye kigoda cha mumewe, gogo katikati ya miguu, tezo ameishika karibu na chuma kama mtu anayeshika mwiko. Kidole gumba kilikuwa kinatoka damu. Alikuwa anahesabu kwa midomo, tatu, pumzika, mbili, na zote zilimtoka ovyo. Alituona, hakuacha.

Nilidhani Koki atamnyang'anya apige yeye. Najua mikono yake ilitaka, niliiona ikinyooka. Badala yake alichuchumaa kwenye vibanzi, akaweka kiganja chake juu ya gogo, pale pale chuma kilipokuwa kinashuka. Nthenya akauzuia mkono hewani.

"Mwaitu, niulize."

"Nikuulize nini?"

"Lile ambalo kila mtu ananiuliza. Wewe hujawahi kuniuliza. Uliza."

Nthenya akatazama tezo, akatazama vibanzi, akanitazama mimi, utadhani nina la kumsaidia. Honi ikalia ya tatu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo sana.

"Koki. Baba yako ako?"

"Hapana," akasema Koki.

Hakutaja Wamunyu. Tezo ikaanguka, Nthenya akafungua mdomo, na kilio cha mjane kikatoka, kile ambacho kila mwanamke anakitambua hata akiwa usingizini. Kilikuwa cha tangu Aprili 1992, na kilipita juu ya mabati kikaingia nyumba zote za safu yetu. Nikasikia milango ikifunguka. Nikasikia ndoo zikiwekwa chini. Kwetu kilio kama hicho hakiulizwi. Unafunga leso kiunoni unakwenda. Muda si muda ua ulijaa. Nerima alileta sufuria yake kubwa, wanaume wakatoa viti vyao wakavipanga nje, mtu akawasha moto wa chai kwa vile vile vibanzi. Maingi akafika kwa miguu, begi la Koki begani. Aliona watu, akamwona Koki amemkumbatia mamake. Akavuta kiti, akakaa na wanaume.

"Pole, jamani, poleni," Nerima alikuwa anasema, analia machozi ya kweli. "Na sasa hivi tu tumemsikia akipiga. Mama Vivian, wewe ni jirani, unajua. Mzee amekufa lini?"

Nikamwangalia Koki. Alikuwa amefumba macho, viganja vyake mgongoni mwa mamake, vimetulia.

"Leo," nikasema.